Dayari ya homuweki isisomwe mbele ya darasa

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme kitu kuhusu hii homuweki ya Kiingereza ambayo baadhi ya sekondari huku kwetu Morogoro zinawapa watoto, ile ya kuandika dayari. Mtoto anaambiwa anunue kaunta buku, kila jioni aandike ukurasa mmoja kwa Kiingereza kuhusu mambo yake mwenyewe, alichofanya, alichowaza, kilichomfurahisha na kilichomuudhi, halafu Ijumaa anapeleka kwa ticha. Wazo lenyewe silipingi hata kidogo, nasema mapema ili walimu wasinikasirikie kabla hawajafika katikati ya barua. Shida yangu ni kinachofanyika na hilo daftari likishafika ofisini.

Mimi nina stesheneri ndogo karibu na shule maeneo ya Kihonda, nauza madaftari na kupiga fotokopi, na pia nina binti yupo Fom Tu, kwa hiyo hii dayari naiona pande zote mbili na upande wa fotokopi ndio umenifundisha zaidi. Ikikaribia siku ya kukusanya wanakuja watoto watatu wanne na daftari moja, bosi tutolee kuanzia hapa mpaka hapa, shilingi mia kila ukurasa, wanachanga wanagawana. Mwanzoni nilidhani notsi za historia. Kumbe ni dayari ya dada mmoja aliyeshamaliza, wadogo zake wanaikopi neno kwa neno, wanabadilisha tarehe na jina la rafiki basi. Matokeo yake kuna kundi zima la watoto ambao Jumamosi moja wote walienda Dar kwa shangazi, wote wakapanda kivuko cha Kigamboni, wote wakanunuliwa raba nyeupe na usiku huo huo shangazi wa kila mmoja akaumwa jino. Na wote wakawekewa pata! Mimi hapo kwenye mashine nacheka peke yangu, lakini ukikaa ukafikiria unaona mtoto wa miaka kumi na nne ameamua ni bora aazime maisha ya mtu mwingine kuliko kuandika ya kwake.

Hata wasiokopi hawaandiki ukweli. Binti yangu huwa ananipa daftari lake nimwangalizie spelingi, Kiingereza changu cha Fom Foo ya zamani bado kinasukuma sukuma. Kila ukurasa unaanza vile vile, aliamka alfajiri, akapiga mswaki, akaoga, akanywa chai ya maziwa na mkate na mayai. Sasa sisi nyumbani mayai ni mpaka Jumapili na hiyo Jumapili kuku wawe wametaga, siku nyingine ni chai ya rangi na kiporo cha wali au mihogo ya kuchemsha, na hatuoni aibu yoyote. Nikamuuliza we mbona umeandika mayai? Akanijibu bila hata kuniangalia, "Baba, ticha huwa anachagua moja anasoma mbele ya darasa, unataka niandike kiporo?"

Hapo ndipo penye kidonda. Kusoma mbele ya darasa. Kwa maelezo ya binti yangu na wenzake wanaokuja dukani, mwalimu anachukua daftari, hasemi la nani, anasoma sentensi moja moja ili darasa zima lisaidiane kusahihisha makosa, pale mtoto alipoandika "did went" wanaambiwa ilitakiwa iweje. Nia ni sarufi, sina ubishi. Ila darasa ni watoto wanaojuana, wanajua nani ana mama anayeuza samaki Soko Kuu na nani anakaa kwa bibi, ukisoma sentensi mbili tu wameshamtambua. Kuna msichana mmoja aliandika kwamba baba na mama yake hawasemeshani na mama amehamia kulala chumba cha watoto. Ikasomwa. Darasa likarekebisha wakati uliopita ukakaa sawa, na msichana akatoka pale na jina la utani ambalo sitaliandika hapa. Wiki iliyofuata dayari yake ikawa na mkate na mayai kama za wengine.

Mtu atasema si aandike tu mambo ya kawaida, nani alimtuma aanike ya nyumbani. Alitumwa na maelekezo ya homuweki! Yalisema andika yanayokugusa. Huwezi kumwambia mtoto fungua moyo halafu ukishafunguka uusome kwa sauti mbele ya watu sitini.

Sasa nieleze kwa nini bado naitetea hii homuweki, maana najua kuna wazazi wangependa ifutwe kabisa, na jirani yangu mmoja ameshaanza kukusanya wenzake. Mtoto wa shule ya kata amesoma miaka saba kwa Kiswahili, Kiingereza kilikuwa somo moja kati ya masomo. Anaingia Fom Wani, baiolojia Kiingereza, jiografia Kiingereza, hesabu Kiingereza, karibu kila kitu ukiacha somo la Kiswahili lenyewe. Muda mwingi anachofanya ni kukopi ubaoni. Anaandika usanisinuru kwa Kiingereza, kitu chenyewe hakielewi na lugha yenyewe haielewi, ana mizigo miwili kichwani kwa mpigo. Kwenye dayari mzigo unabaki mmoja, kwa sababu siku yake anaijua mwenyewe kuliko mtu yeyote duniani, kinachomsumbua ni namna ya kuisema tu. Hakuna zoezi lingine shuleni linalompa hiyo nafasi kila siku. Kwenye mtihani wa upimaji wa Fom Tu wa NECTA anatakiwa atunge vitu kichwani kwake, atavitunga vipi kama hajawahi kuandika sentensi ambayo haikutoka ubaoni?

Lakini peni nyekundu nayo inaua hiyo faida. Ukurasa wa mwanzo kabisa wa binti yangu ulikuwa na mambo, alijaribu kuelezea mvua iliyotukatia umeme na mdogo wake aliyejificha chini ya meza, sentensi ndefu zimepinda pinda lakini unaiona ile mvua. Ukarudi mwekundu juu mpaka chini, nne juu ya ishirini. Tangu hapo anatumia sentensi zile zile alizo na uhakika nazo, kama mtu anavuka mto kwa kukanyaga mawe anayoyajua tu, na sasa anapata kumi na saba. Maksi zimepanda ila Kiingereza kimesimama palepale. Mwalimu akiangalia daftari lake la alama anaona mtoto ameimprovu.

Na walimu siwalaumu sana, tupige hesabu. Mwalimu mwenye mikondo minne, kila mkondo watoto sitini, hayo ni madaftari 240. Akitumia dakika tatu tu kwa kila daftari ni dakika 720, yaani saa 12, kila wikiendi, na hapo hajaandaa somo, hajapika, hajaenda kwenye msiba. Hawezi. Kwa hiyo anaweka pata bila kusoma, ndio maana jino la shangazi linapita, kisha anachagua moja la kusoma darasani ili ionekane kazi imefanyika. Ndugu yangu ukiwa na madaftari 240 na wewe utafanya hivyo hivyo.

Kumbe kuna watu walishalifikiria hili zamani. Mzee mmoja mteja wangu, mwalimu mstaafu, alinisimulia habari za ticha wa Marekani anaitwa Leslee Reed, alikuwa anafundisha darasa la sita Los Angeles, na watafiti walizichambua dayari za darasa lake mwanzoni mwa miaka ya 1980. Darasani kwake walikuwepo watoto wa wahamiaji ambao Kiingereza ndio kwanza wanakisaka, yaani hali yao haikuwa mbali sana na Fom Wani wetu. Yule mama alikuwa hasahihishi dayari. Alikuwa anaijibu. Mtoto anaandika mistari yake, na ticha anaandika chini yake mistari michache kama mtu anayejibu barua, anauliza swali, anasema na yeye limemchekesha. Na ujanja wake ulikuwa hapo kwenye majibu, mtoto akikosea neno ticha analitumia lile lile kwa usahihi kwenye jibu lake, mtoto akisoma anajionea mwenyewe, hakuna wekundu wala aibu. Mimi si mwalimu lakini hii niliielewa palepale, maana ndivyo hata mtoto mdogo anavyojifunza kuongea nyumbani, akisema "nimekuja jana na gari jekundu kubwa ile" unamjibu "ooh ulikuja na lile gari jekundu" na maisha yanaendelea.

Kuhusu siri nayo kuna cha kujifunza. Mpwa wangu aliyesoma saikolojia chuo aliwahi kunieleza utafiti wa James Pennebaker na Sandra Beall uliochapishwa mwaka 1986, wanafunzi wa chuo kimoja Dallas waliandika dakika 15 kwa siku nne mfululizo, na walioandika mambo mazito yaliyowapata pamoja na walivyojisikia, miezi iliyofuata walienda zahanati ya chuo mara chache kuliko walioandika vitu vya juu juu. Kuandika ya moyoni kunasaidia. Ila wale waliandika wakijua hakuna atakayekuja kuwasomea mbele za watu, na hicho ndicho kipande tulichokiacha sisi tulipoichukua dayari tukaigeuza homuweki.

Kwa hiyo napendekeza hivi, na najua kuna mwalimu ataniona najua sana kwa mtu wa fotokopi. Mwalimu akusanye mkondo mmoja kwa wiki badala ya yote minne, madaftari sitini yanasomeka na kujibika mstari mmoja mmoja. Mtoto aruhusiwe kukunja ukurasa asiotaka usomwe na kuubana kwa stepla, mwalimu ahesabu tu kwamba umeandikwa. Akikosa neno la Kiingereza aweke la Kiswahili aendelee mbele, asikae nusu saa anatafuta kiporo kinaitwaje. Na kama shule inataka maksi, basi mwisho wa mwezi mtoto achague mwenyewe ukurasa mmoja, auandike upya vizuri, huo ndio upigwe peni nyekundu mpaka wino uishe.

Kuna jambo moja siwezi kulipita. Ukimpa mtoto nafasi ya kuandika ukweli kuna siku ataandika kwamba kuna mtu anamfanyia ubaya, nyumbani au njiani au hata hapo hapo shuleni. Hiyo haiwezi kubaki siri ya daftari. Mwalimu awaambie toka siku ya kwanza kwamba mengine yote yanaishia kwangu ila hili nitalazimika kuomba msaada, na ajue msaada upo wapi, kuna dawati la jinsia na watoto polisi, kuna namba 116 ya kupiga bure. Ninachoogopa ni siku ukurasa wa namna hiyo utakapowekewa pata bila kusomwa, au usomwe kwa sauti kwa ajili ya sarufi. Sijui kipi kibaya zaidi.

Na sisi wazazi tusijitoe. Wapo wanaovizia mtoto kalala wanafungua daftari, halafu asubuhi fimbo kwa sababu ameandika jina la mvulana. Waliosoma bweni zamani mnakumbuka barua zilivyokuwa zinafunguliwa ofisini kabla hujaziona, mlivyokuwa mnajisikia. Katiba yetu ibara ya 16 inasema kila mtu anastahili kuheshimiwa faragha yake, haikuandika kila mtu mzima, na Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 ambao nchi yetu imeridhia unarudia hilo hilo kwa watoto kwenye kifungu hicho hicho cha 16.

Januari Fom Wani wapya wanaingia. Wakuu wa shule kwenye ile fomu ya kujiunga, pale mnapoandika rimu ya karatasi, jembe lenye mpini, ndoo na ufagio wa chelewa, ongezeni na mstari unaosema dayari ya Kiingereza itasomwa na nani, itakaa wapi ikishakusanywa, na kwamba haitasomwa darasani bila mwenyewe kukubali. Kaunta buku za kwaya mbili zipo dukani za kutosha.

Mzazi na muuza madaftari,
Kihonda, Morogoro