Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Klabu ya Usomaji, Dodoma

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati tendaji, nawasilisha taarifa ya mwaka huu. Vikao vya kila mwezi vilifanyika kwa mujibu wa ratiba, isipokuwa cha Aprili kilichoahirishwa. Tulisoma vitabu tisa, kikiwemo Peponi cha Abdulrazak Gurnah katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Tahakiki sita ziko kwa katibu. Hayo mnayafahamu.

Suala la Agosti nitalisemea kwa kirefu, kwa kuwa maneno yamekuwa mengi, na mengi yanasemwa pembeni badala ya kikaoni. Kamati iliamua mwezi huo tumsome mwandishi mwanamke aliyetafsiriwa, kama wanavyofanya wasomaji wa nchi mbalimbali kila Agosti tangu 2014. Pendekezo lilikuwa langu na bado nalisimamia. Tulichagua Barua Ndefu Kama Hii cha Mariama Bâ wa Senegali, kilichotoka kwa Kifaransa mwaka 1979 na mwaka uliofuata kikapata Tuzo ya Noma ya vitabu vilivyochapishwa Afrika, tena ya kwanza kabisa kutolewa. Nakala 12 ziligharimu shilingi 180,000 za mfuko wa chama. Nauli ya kuzifuata Dar es Salaam niliitoa mfukoni mwangu, wala sikudai kurejeshewa.

Wapo waliotaka tununue nakala moja, nyingine tutoe fotokopi. Nilikataa na nitaendelea kukataa. Sisi wasomaji tukimdhulumu mwandishi na mfasiri wake, nani atajisumbua kututafsiria kingine? Wengine wanadai napendelea wanawake. Nimeipitia orodha yetu yote tangu tuanze: kabla ya Agosti tulikuwa tumesoma waandishi wanawake wawili tu. Upendeleo uko wapi hapo?

Waliofika siku ile ni mashahidi. Katika kitabu, Ramatoulaye anaandika akiwa ndani ya eda. Mumewe Modou alikwisha kumtelekeza na kuoa msichana aliyekuwa rafiki wa binti yao. Mama mmoja, naye ni mjane, alitusomea kurasa mbili kwa sauti, akafunga kitabu na kusema huyu kavumilia mno, angeondoka mapema kama shoga yake Aissatou. Mzee wetu mmoja akampinga palepale: watoto 12 aondoke nao kwenda wapi? Hapo ukumbi ukawaka, hata vijana ambao huwa hawasemi wakanyoosha mikono, mpaka mlinzi akaja na funguo zake. Tangu mnichague sijaona kikao kama kile.

Sasa mahudhurio. Daftarini tuko 43. Wanaofika ni wastani wa 14, na vikao vitatu havikutimiza akidi. Sababu tunazisikia: Bunge limeanza, Mtumba kwenye ofisi za Serikali ni mbali, kuna safari ya kikazi. Ada ya shilingi 24,000 imelipwa na wanachama 17, yaani shilingi 408,000. Wadaiwa ni 26, deni shilingi 624,000. Inasikitisha kwamba waliolalamikia zaidi ununuzi wa vitabu wamo katika hao 26. Majina yao mweka hazina anayo, leo hatutayasoma.

Mwakani, Mungu akijalia, tunatarajia kupata kabati letu la vitabu, kumwalika mfasiri, na ikiwezekana kuwafikia wanafunzi wa sekondari. Natamani pia siku moja tumsome kwa Kiswahili Han Kang wa Korea Kusini, aliyepata Nobel mwaka 2024. Agosti ijayo itabaki kama ilivyokuwa.

Ada inapokelewa na mweka hazina leo hii, kabla ya chai.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti