Bwawa nalo lipimwe kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi nijibu swali ambalo wageni hawachoki kuniuliza: "Mbona mnawasha mawimbi na hamna kitu majini?" Wiki iliyopita aliyeuliza ni mteja, tena hakuuliza kwa udadisi. Aliona kwenye ankara siku nne za kupima bwawa tupu, akataka zifutwe.

Mimi ni fundi wa bwawa la mawimbi na mikondo, la kujaribia modeli ndogo za kuta za baharini, mwaka wa kumi na saba huu. Chukua kipima-wimbi tu: nyaya mbili zimesimama sambamba, na kadiri maji yanavyopanda ndivyo umeme unavyozidi kupita kati yake. Maji yakipata joto, hesabu ya asubuhi haifai mchana. Kwa hiyo navishusha na kuvipandisha vipima hivyo, hatua kwa hatua, maji yakiwa yametulia kabisa. Mwezi uliopita kimoja kilikuwa kikisoma pungufu. Kumbe waya umeota utelezi, mwembamba kiasi kwamba niliugundua kwa kidole, si kwa jicho.

Kisha wimbi likifika mwisho wa bwawa haliishii pale. Hata ufuko wa kokoto uliojengwa vizuri hurudisha sehemu yake, ikachanganyika na linalokuja. Kipima kimoja hakiwezi kuyatenganisha, ndiyo maana tunapanga vitatu kwa nafasi zisizolingana, kwa njia ya watafiti Mansard na Funke ya mwaka 1980.

Mkondo ndio mkaidi zaidi. Kifaa cha Doppler, kinachopima kasi ya maji kwa sauti, husikiliza mwangwi wa chembe zilizomo majini. Maji yakiwa safi mno kinabaki kubahatisha, nasi tunamwaga unga laini (mteja alidhani tunamchafulia jaribio). Safari hii kasi ya pembeni ilizidi ya katikati, tukahamisha mabapa ya kuelekeza maji mara tatu. Si ushabiki wa vipimo huo. Wimbi likikabili mkondo hufupika na kuinuka, na kwenye kina kirefu, mkondo ukizidi robo ya kasi ya wimbi, wimbi hukwama. Ukikosea mkondo umekosea na wimbi.

Modeli ya ukuta wa mteja ni ya 1:25, yaani ndogo mara 25 kuliko ukuta wenyewe. Kwa kanuni ya Froude, ya kugeuza vipimo vya modeli kuwa vya baharini, sentimita yangu moja ni 25 za baharini, lakini nguvu huzidishwa mara 15,625. Gramu 100 nilizokosea mimi ni zaidi ya tani moja na nusu kwenye ukuta wake.

Ombi langu kwa waandishi wako: mkiambiwa ukuta fulani "umefaulu maabara", ulizeni pia bwawa lilipimwa lini.

Mteja amekubali siku tatu. Ya nne, ya kurudia wimbi lilelile mara kumi nione kama linatoka vilevile, nimeiweka Jumamosi, kwa muda wangu.

Fundi wa maabara ya uhandisi wa pwani