Idi Mubarak, na pishi ya kutosha

Assalaam alaykum wa rahmatullah. Wazee wetu, ndugu, jamaa na majirani, Idi Mubarak. Taqabbalallahu minna wa minkum. Mola azipokee funga zetu na awape shifaa walio kitandani.

Mwaka umekuwa mzito. Mchele, sukari na mafuta ya kula vimepanda, hata fitri wengine wameitoa baada ya kupiga hesabu mara mbili. Na kwenye sinia letu pana nafasi. Aliyekuwa akiketi pale tumemzika mwezi wa Rajabu. Allah amrehemu.

Katika hali hii, serikali ikitaja furaha, watu huguna. Bhutan, nchi ndogo ya milimani huko Asia, lakini, wameiweka furaha ya taifa katika Katiba yao ya 2008, ibara ya 9, na wazo lilianza kwa Mfalme Jigme Singye Wangchuck miaka ya 1970. Utamu uko kwenye namna wanavyoipima furaha hiyo. Viashiria ni 33 katika nyanja 9, na kila kimoja kina kiwango cha kutosha: usingizi saa 8, kazi isiyozidi saa 8 (kulea na kuuguza ni kazi pia), watu wasiozidi wawili kwa chumba. Kinachozidi hapo hakiongezi alama, hivyo ghala la tajiri haliwezi kufunika njaa ya jirani. Fitri nayo humtafuta asiye na cha kupika leo.

Aliyetoshelezwa kwa asilimia 66 ya viashiria, kwa kufuata uzito uliopewa kila kimoja, huhesabiwa mwenye furaha. Mwaka 2010 walikuwa asilimia 41, na 2022 asilimia 48. Ukichambua ile ya 2010 unakuta wenye furaha ni asilimia 49 ya wanaume na 33 ya wanawake. Wastani peke yake ungelificha hilo.

Sera mpya nayo imekuwa ikipitishwa kwenye vigezo 22. Ikidhuru hupata alama 1, athari isipojulikana 2, isipobadili kitu 3, ikifaa 4. Jumla ya alama za kupita ni 66, yaani wastani wa 3 kwa kila kigezo. Angalia ile 2: kutojua kunashusha alama, kwa hiyo mpangaji hawezi kujificha nyuma ya "tutaona mbele".

Dosari zipo, tena kubwa. Wenye asili ya Nepal waliofukuzwa miaka ya 1990 hawamo kwenye hesabu yoyote ya furaha hiyo, na vijana wengi sasa wanahamia Australia.

Basi nyinyi mnaopanga bajeti za halmashauri, kabla ya kuhesabu mabati na madarasa, ulizeni mama analala saa ngapi na anafuata maji umbali gani. Anzeni na aliyepungukiwa. Wekeni kiwango kabla ya kupima, msikishushe matokeo yakiwaaibisha. Amana hii mtaulizwa, na siku hiyo hakuna mwandishi wa hotuba wa kuwasaidia.

Kullu aam wa antum bikheir. Watoto wakibisha hodi wapeni mkono wa Idi, hata mia mbili.