Usiiache beji kabatini

Mpenzi Zuhura,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, alhamdulillahi, na habari nyingine zitasubiri kwa sababu leo nina jambo moja tu.

Mwanaidi ameniambia. Usimkasirikie, hakukusudia kukusema. Tulikuwa tunazungumzia zamu tu, mara likamtoka kwamba tangu taarifa ya mwisho ya dozi ije na namba kubwa, beji yako ya kupimia mionzi inalala kabatini kila ukiingia chumba cha katheta, mnamopitisha mirija kwenye mishipa ya wagonjwa kwa kuongozwa na eksirei. Sijatulia tangu hapo. Kazini, ninakosoma beji zenu, nimeshinda nazo mkononi, na kila niliyoifungua nimekuwaza wewe.

Najua huogopi mionzi. Unaogopa kuondolewa kwenye kazi uliyoisotea, wakupeleke dawati la kupokea fomu. Hofu hiyo naielewa kabisa. Lakini Zuhura, beji iliyolala kabatini hainipi namba yako, inanipa namba ya kabati.

Ninyi mnaovaa mnaona kipande cha plastiki chenye pini. Mimi nakifungua. Ndani mna fuwele za lithiamu floraidi, vipande vya milimita 3 hivi, navishika kwa kibano nikijizuia hata kukohoa. Mionzi ikipita humo, elektroni zinanaswa ndani ya fuwele na kukaa kwa wiki na miezi. Nikiipasha moto kwenye mashine, nyuzi 200 na zaidi, zinaachiliwa na fuwele inatoa mwanga hafifu mno. Kwenye skrini mstari unapanda, unafika kileleni, unashuka, na wingi wa mwanga huo ndiyo dozi yako. Ikishapashwa, kumbukumbu imefutika, siwezi kurudia kuisoma. Sasa yako ikinifikia kutoka kabatini, mstari hauinuki. Naandika kwamba hukupata kitu, natia sahihi, kumbe umesimama saa nzima kando ya mgonjwa. Unaniandikisha uongo bila mimi kujua, na uongo wenyewe unakuhusu wewe.

Nasikia Kombo naye anawaambia beji haikingi, kwa hiyo ya nini. Haikingi, ni kweli. Kinachokinga ni aproni ya madini ya risasi, kile kioo kinachoning'inia, na umbali: ukirudi nyuma mpaka umbali uwe mara mbili, dozi inashuka hadi karibu robo. Lakini nani atakwambia kioo kimekaa vibaya kama si ile namba?

Kuna beji ilinipitia, kituo sikitaji, namba yake ya kutisha. Walipofuatilia, koti lilikuwa limetundikwa ndani ya chumba cha mashine na beji ikiwa kifuani pake, mwenyewe yuko nyumbani amelala. Kwingine kumbe mashine ilikuwa ikitumika bomba la eksirei likiwa juu ya kitanda, na mionzi inayotawanyika kutoka kwa mgonjwa inampiga dada mmoja usoni. Wakalishusha chini ya kitanda, namba ikapungua. Hakuna aliyefukuzwa. Bila ile namba yule dada angeendelea hivyo miaka.

Na hiyo namba yako, umeitazama vizuri? Kikomo cha kimataifa ni wastani wa milisivati 20, kipimo cha dozi ya mionzi, kwa mwaka, ukipigwa kwa miaka 5, na mwaka wowote usizidi 50. Vituo vingi huanza kuuliza maswali mapema, chini kabisa ya hapo. Kuulizwa siyo kuvuka kikomo. Wewe umeona neno "uchunguzi" ukafikiri umeshahukumiwa.

Kinachonisumbua zaidi ni macho yako. Kikomo cha lenzi ya jicho zamani kilikuwa milisivati 150 kwa mwaka. Mwaka 2011 Tume ya Kimataifa ya Kinga ya Mionzi ikapendekeza kishuke hadi wastani wa 20, kwa sababu mtoto wa jicho alionekana kuja kwa dozi ndogo kuliko ilivyodhaniwa. Watu wa chumba chenu ndio hasa wanaohusika. Kumbukumbu za dozi zinatakiwa zitunzwe mpaka mfanyakazi afike umri wa miaka 75, na zisipungue miaka 30 tangu aache kazi hiyo. Siku ukihitaji kudai haki yako, zitafunguliwa hizo. Unataka waone nini humo? Sifuri tupu?

Halafu kuna jambo nimeliwaza njiani nikirudi, nikataka kukupigia ila nikajua uko zamu. Ninyi mnavaa mbili, ya kifuani chini ya aproni na ya shingoni juu yake. Ya shingoni husoma namba kubwa zaidi, ndivyo inavyotakiwa, kwa kuwa haina risasi mbele yake. Zikibadilishana mahali, ile ya ndani ikavaliwa nje, hesabu yote ya mwili inapanda bure. Nimeliona hilo si mara moja. Hebu jikumbushe.

Kwa hiyo nijibu: namba kubwa ilikuwa ya beji ipi? Ziliwahi kubadilishana? Usiku unaziacha wapi, pamoja na ile ya ulinganisho isiyovaliwa na mtu, au ndani ya chumba cha mashine? Kioo unakivuta kila mara au daktari anakisukuma kando? Ulipigwa picha wewe mwenyewe, ukiwa mgonjwa, huku umeivaa? Na afisa usalama wa mionzi wenu ni mtu wa kuongea naye, au nikusaidie kumwandikia? Nipigie picha hiyo taarifa unitumie, ukurasa wote, usikate juu.

Na kesho ukiingia, zivae zote mbili. Namba ikija kubwa tena, tutaisoma pamoja.

Nakupenda sana. Msalimie mama.

Wako,
Rehema