Swahiba, kuhusu Tom Petty

Swahiba yangu,

Salama lakini? Mimi mzima kabisa. Meseji yako niliiona siku ileile ila nikaona nitulie kwanza ndio nijibu, maana umeniuliza kitu ambacho hakijibiki kwa mistari miwili, eti huyu Tom Petty ni nani hasa mpaka kila nikishika simu nasikiliza yeye tu. Haya kaa vizuri basi.

Ni mwanamuziki wa roki wa Marekani, mwimbaji na mtunzi, kazaliwa Gainesville, Florida, mwezi wa 10 mwaka 1950. Baba mkali, anampiga kwelikweli, mama ndio kimbilio. 1961 Elvis Presley akaja kushuti filamu mji wa jirani, Ocala, na kuna ndugu yao alikuwa na kazi kwenye hiyo filamu, basi dogo wa miaka 10 akapelekwa kumwona. Aliporudi nyumbani akachukua manati yake akabadilishana na mwenzake kwa boksi la santuri za Elvis. Hebu fikiria, mtoto wa umri ule anaachia manati kwa ajili ya muziki! Halafu 1964 akawaona Beatles kwenye TV na hapo ndio akajua bendi ni kitu ambacho vijana wanaweza kuunda wenyewe na marafiki zao.

Bendi yake ya ujana iliitwa Mudcrutch, ndani yake kuna Mike Campbell kwenye gita na Benmont Tench kwenye kinanda, na hao wawili uwakumbuke maana walikuwa naye mpaka mwisho. 1974 wakahamia Los Angeles kutafuta lebo, yaani kampuni ya kurekodi na kuuza muziki wao, wakapata Shelter Records, singo yao ikadoda, bendi ikavunjika. 1976 wakajikusanya upya kama Tom Petty and the Heartbreakers, na albamu ya kwanza ikatoka mwaka huohuo. Marekani kwao hawakushtuka kabisa mwanzoni, Uingereza ndio waliowapokea kwanza.

Sasa hapa ndio pananigusa. Yule jamaa alisaini mapema mno mkataba uliomnyang'anya haki za nyimbo zake mwenyewe, na baadaye alieleza kwamba aliposikia habari ya haki za uchapishaji, yaani zile zinazoamua hela ya utunzi inakwenda kwa nani, yeye alidhani ni vile vitabu vya nyimbo vinavyouzwa madukani! Kijana anatunga usiku kucha halafu hela ya utunzi inakwenda kwa mwingine. Halafu 1979 kampuni kubwa ya MCA ikainunua kampuni iliyokuwa inasambaza kazi zake, naye akajikuta amehamishiwa huko pamoja na mkataba wake bila hata kuulizwa, kama meza na viti vya ofisini. Akagoma. Akasema sihami bila ridhaa yangu. Wakaenda mahakamani, na yeye akatangaza amefilisika, maana mtu aliyefilisika sheria inampa nafasi ya kufungua upya mikataba yake. Wakati huohuo albamu mpya inarekodiwa kwa hela ya kuunga unga, na wanaogopa mahakama itachukua tepu zenye nyimbo hizo, kwa hiyo kila wakimaliza kazi kuna msaidizi wao anazibeba na kwenda kuzificha bila kumwambia Petty ziko wapi, ili akiulizwa mbele ya hakimu aseme sijui na iwe kweli hajui.

Mwisho wakakubaliana, akapata masharti mazuri na haki zake, na albamu hiyo, Damn the Torpedoes, ikatoka mwishoni mwa 1979 ikapanda mpaka namba 2 kwenye chati ya albamu Marekani ikakaa hapo wiki 7, iliyoizuia namba 1 ni albamu The Wall ya bendi ya Pink Floyd. Ukisikiliza gita na sauti yake ya puani mle ndani unasikia kabisa mtu aliyebanwa ukutani. Kwangu mimi ndio albamu yake yenye hasira safi kuliko zote.

Na hakuishia hapo. 1981 kampuni ikataka albamu yake inayofuata iuzwe dola 9.98 badala ya 8.98, yaani watumie jina lake kupandisha bei kwa mashabiki dola nzima. Akakataa, akatishia kuipa albamu jina la bei yenyewe ya zamani. Wakarudi nyuma, ikauzwa 8.98. Wasanii wangapi unawajua wenye kibao mkononi wanaogombana na lebo ili shabiki alipe KIDOGO? Nampenda sana kwa hili, sifichi.

Ndio maana uliponiambia kuna watu wamekuletea mkataba na wanataka usaini haraka nikakosa raha. Siwajui, labda ni watu wazuri tu. Ila uliza nyimbo zinabaki kuwa za nani, na kampuni ikiuzwa kesho wewe unaenda wapi, wana haki ya kukuhamisha bila kukuuliza? Hayo mawili yaandikwe kabla hujashika kalamu, na mtafute mwanasheria asiyelipwa na wao akusomee. Nyimbo zako nazijua, ni nzuri, haziozi ukisubiri.

Kusubiri hata yeye alisubiri. Albamu aliyotoa kwa jina lake mwenyewe bila bendi, Full Moon Fever, akisaidiana na mwanamuziki na mtayarishaji Jeff Lynne, alipoipeleka wakubwa wa lebo wakasema hawasikii kibao humo. Akaiweka kando mpaka uongozi ukabadilika, akapeleka kazi ileile, wakaipenda, ikatoka 1989 ikauza mamilioni. Katikati hapo aliimba na Bob Dylan, Roy Orbison, George Harrison na huyohuyo Lynne kwenye kundi la Traveling Wilburys, wakongwe watano wanafurahia muziki tu. Na wimbo wa mwimbaji wa Uingereza Sam Smith, Stay With Me, ulipoonekana unafanana na I Won't Back Down wa Petty, wakaelewana kimyakimya, yeye na Lynne wakaandikwa kama watunzi wenza, na akasema hadharani hana kinyongo na yule kijana, mambo kama hayo hutokea kwenye utunzi. Mtu aliyepigana na kampuni kubwa vile lakini kwa msanii mwenzake mpole kabisa.

Maisha yake hayakuwa mteremko lakini. 1987 mtu alichoma moto nyumba yake Los Angeles familia ikiwa ndani, wakatoka salama. Miaka ya 90 ndoa ilipovunjika akaingia kwenye heroini, akatoka kwa shida, na mpiga besi wao Howie Epstein dawa hizohizo zilimuua 2003. Halafu 2017 alizunguka Marekani nzima kusherehekea miaka 40 ya bendi huku nyonga ikimuuma vibaya, anapanda jukwaani hivyohivyo. Shoo ya mwisho Hollywood Bowl tarehe 25 mwezi wa 9, na wiki moja baadaye, tarehe 2 mwezi wa 10, akafariki, miaka 66. Uchunguzi ukaonyesha ni mchanganyiko wa dawa za maumivu na nyinginezo, fentanili, dawa kali sana ya maumivu, ikiwemo, alizidisha bila kukusudia. Mpaka leo nikifikiria naumia, maana alikuwa anavumilia ili asiwaangushe watu waliokata tiketi.

Mashairi yake ni mepesi, maneno ya kawaida kabisa, chodi chache, na hapo ndipo ugumu wake ulipo, jaribu kuandika rahisi vile uone. Anza na Wildflowers ya 1994 aliyofanya na mtayarishaji Rick Rubin. Yeye aliitaka iwe albamu mbili, lebo ikataka moja, nyimbo zilizobaki zikatolewa 2020 baada ya kufa kwake. Sikiliza zote, kwa hedifoni, halafu nipigie tuongee.

Wako daima,
Swahiba wako