Risala ya wagonjwa wa presha ya macho na ndugu zao kwa Mgeni Rasmi, Kibaigwa, wilayani Kongwa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa viongozi wa wilaya na kata,
Wahudumu wa afya, ndugu na majirani,

Karibu Kibaigwa katika Wiki ya Glaukoma, ugonjwa ambao sisi tunauita presha ya macho. Kikundi chetu kina wagonjwa na ndugu zao wa damu. Risala hii inawahusu zaidi hao ndugu, ambao hapo ulipoketi wanakuona vizuri kabisa.

Mheshimiwa, kaka yangu anabeba magunia ya mahindi hapa sokoni. Alianza kujigonga bega la kushoto kwenye malori, tukamtania kuwa kaonja kitu. Alipokwenda kutazamwa alipimwa presha ya macho, akaambiwa iko sawa, akapewa miwani ya kusomea. Miaka miwili baadaye daktari wa Dodoma alimtia dawa ya kupanua mboni, akamulika hadi nyuma. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha.

Hapo ndipo tulipoanza kuuliza. Neva inayopeleka picha kwenye ubongo ina nyuzi kama milioni moja, na zikifa hazirudi. Si kama mtoto wa jicho, ambaye hutolewa na mtu akaona tena. Pale neva inapoanzia, nyuma ya jicho, pana kishimo ambacho madaktari hukiita kikombe. Nyuzi zikipungua, kikombe hutanuka. Daktari hulinganisha jicho na jicho, mwaka huu na mwaka jana, na mara nyingi hulijua tatizo kabla mwenyewe hajahisi lolote, kwa kuwa giza huanzia pembeni na jicho zima humfichia mwenzake aibu. Presha nayo hupanda na kushuka ndani ya siku moja, na wapo ambao neva huharibika presha ikiwa haijavuka 21, kiwango kinachohesabiwa kuwa sawa. Kwa hiyo kupima presha tu hakutoshi, nyuma ya jicho patazamwe.

Utafiti uliofanyika hapa hapa Kongwa na kuchapishwa mwaka 2000 ulichunguza watu 3,268 wenye miaka 40 na kuendelea. Kama 4 katika kila 100 walikuwa na glaukoma. Mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja anayeumwa yuko hatarini zaidi, basi mimi na dada zangu tukapanda basi kwenda Dodoma. Niliwekwa kwenye mashine, kidevu kimeegemezwa, nikapewa kitufe nibonyeze kila nikiona kinukta cha mwanga. Nikatoka najua nimefaulu. Kumbe, nyuma ya jicho palipotazamwa, kikombe cha jicho la kulia kilikuwa kimeshakipita kwa ukubwa kile cha kushoto. Sasa natia tone moja kila usiku, na risala hii naisoma mwenyewe.

Mheshimiwa, tunaomba mambo mawili. Kwanza, kifaa cha kumulika ndani ya jicho, pamoja na mafunzo kwa wahudumu wetu. Kinaenea mfukoni na hakihitaji jengo jipya. Pili, daktari wa macho afike hapa walau mara moja kila miezi mitatu, maana nauli ya kwenda na kurudi Dodoma ndiyo inayowafanya wengi waseme "mbona naona?"

Daftari la majina ya ndugu wanaosubiri kutazamwa liko hapo mezani mbele yako. La kwanza ni la mwanangu.

Naomba kuwasilisha.

Katibu wa kikundi