Harambee ya kuvuna mvua: kisima cha shule kinaingia chumvi

Kwa wazazi, wahitimu, majirani na kila mwenye mapenzi mema na shule yetu,

Tunawasalimu kwa heshima. Kuwabishia hodi tena tunaona haya, maana hatujasahau kwamba mapaa ya mabati juu ya madarasa yetu yote ni jasho lenu. Lakini kisima kinaharibika, na tukinyamaza mtakuja kutuuliza tulikuwa wapi.

Asiyeamini asimame kwenye bomba la uani wakati wa mapumziko. Watoto wanakinga viganja, wanaonja, wanatema. Sabuni haitoi povu. Kitalu cha miche, kilichokuwa fahari ya wanafunzi, majani yake yamekauka kingoni kana kwamba yamepitiwa na moto, na udongo ukikauka unaacha ukoko mweupe. Kila asubuhi watoto wanakuja mkoba mgongoni, kidumu cha maji mkononi. Wale wadogo wanafika nusu imekwisha kumwagika njiani.

Wengi wametushauri tuchimbe zaidi. Tumewasikia, na tunasema hapana. Chini ya ardhi ya pwani, maji ya mvua yaliyozama huelea juu ya maji ya bahari kwa sababu ni mepesi kidogo. Kwa makadirio ya wataalamu, kila mita 1 ya maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, iliyo juu ya usawa wa bahari huwa na takriban mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Pampu ikishusha kimo hicho kwa mita 1, chumvi inaweza kupanda mita 40 kadiri muda unavyokwenda. Kuchimba zaidi ni kuifuata chumvi kwake. Wala haihitaji kuwa nyingi: maji ya bahari yakichanganyika kisimani kwa asilimia 2 tu, ulimi unatambua.

Na maji matamu tunayo, ila tunayaacha yaende. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Paa la mita za mraba 200 likinyeshewa milimita 20 hupokea lita 4,000. Leo maji hayo yanaanguka kwenye msingi wa jengo, yanachimba mtaro katikati ya uwanja na kukimbilia baharini na udongo wetu wa juu. Mapaa mliyotujengea yanatukinga na mvua. Tusaidieni yatupe na maji yake.

Tunahitaji gata na mabomba ya kushushia maji, tangi lenye mfuniko kwa maji ya kunywa, na kokoto na mchanga safi wa kujaza shimo la kuzamishia maji yatakayozidi, ili yaongeze maji baridi yaliyo chini ya ardhi. Shimo hilo liko mbali na vyoo, na maji yatapita kwanza kwenye chujio, kwa kuwa tope likiingia humo shimo huziba na kazi yote ikapotea. Maji ya mwanzo wa mvua, yanayoosha vumbi na kinyesi cha ndege, yatamwagwa pembeni. Bustanini tutapiga matuta na kutandaza majani makavu, ili mvua izame na kuisukuma chumvi chini ya mizizi, na jua lisiivute juu tena. Pampu nayo tumeamua kuivuta kidogo kidogo. Kisima hakitapona kwa msimu mmoja, hilo tunawaambia mapema.

Wazazi wasio na kitu wameshatoa mikono yao. Shimo limefika kifuani. Haipendezi wachimbe peke yao ilhali wenye uwezo tupo. Nanyi wahitimu, mlikunywa kisima hiki miaka yote kikiwa kitamu, na hakuna aliyewadai.

Kila mchango utapewa risiti. Majina na viwango vitabandikwa kwenye ubao wa matangazo, na hesabu itasomwa mbele ya mkutano wa wazazi, pamoja na kitakachobaki. Asiye na fedha alete kipande cha gata, gunia la mchanga, au siku moja ya kazi. Fundi tunaye tayari. Michango ipokelewe na mweka hazina katika ofisi ya shule, kabla ya mvua kuanza.

Mwenyezi Mungu awazidishie pale mtakapopunguza.

Kamati ya Shule